Chuma Kikiwa Chini

Magoti ndiyo yaliyonipeleka jimu. Mimi mwenyewe nisingeenda. Daktari alisema yanataka kuzungushwa kila wiki, la sivyo yatakauka, na mjukuu wangu Mideva, ambaye hufanya mazoezi Kiamunyi kila Jumanne na Ijumaa, akasema, "Guku, utakaa tu kwa ile baiskeli isiyoenda mahali, upige pedeli polepole." Guku ni nyanya kwa lugha ya kwetu. Basi nikavaa raba zake za zamani, nikafunga leso juu ya sketi, nikaenda. Ni chumba kirefu chenye vioo ukuta mzima, na muziki wa kupigwa kwa nguvu, na watu wameziba masikio yao na vidude ili wasikie muziki mwingine. Hakuna anayemsalimia mwenzake. Karibu na baiskeli yangu palikuwa na mama mmoja wa miaka kama thelathini na tano, amefunga kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa akiinua chuma kutoka sakafuni. Miguu imenyooka, kiuno kiko juu, mgongo umepinda kama wa paka aliyeona mbwa. Nikamwona mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdomo wangu ukafunguka, nikaufunga. Tukirudi nyumbani nikamwuliza Mideva, "Mtu akikosea pale ndani, nani humwambia?" Akacheka. "Guku, tafadhali usijaribu! Jimu hakuna mtu anachukiwa kama yule anakuja kukufunza na hujamwita. Hata kocha anangoja aitwe." Nikasema, "Na akivunjika?" Akasema, "Ni mgongo wake."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi mama mmoja wa kanisa letu, mwenye hoteli ya chai kule Salgaa, alinipigia simu akaniambia kwamba Mzee Kiprono, yule fundi wa kamba mwenye mgongo uliopinda, ambaye habari zake nilikuwa nikimwuliza bila kusema kwa nini, amekufa, na kwamba watamzika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilimshukuru, nikakaa na simu mkononi mpaka ikazima taa yake. Mideva akaniuliza Kiprono ni nani. Hakuna mtu wa nyumba yangu aliyewahi kulisikia jina hilo kutoka kwangu. Nimezaa watoto sita, nimemzika mume, na wote hao sikuwaambia habari za mwaka mmoja niliofanya kazi kwenye holi ya lokesheni, mtaa wa Waafrika, hapa Nakuru. Sasa nitaandika. Sikusoma kupita darasa la tatu, lakini nililoliona naweza kuliandika.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Ya nyumbani sitayasema. Kila mtu ana nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kufagia holi na kupika chai. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye paa la mabati, karibu na reli, na garimoshi likipita vikombe vilitetemeka kwenye rafu. Mbele palikuwa na viti vya mikutano na meza ya bao. Nyuma, mlango wa pili, palikuwa na chumba cha chuma. Leo wangekiita jimu. Chuma chenyewe kilikuwa ekseli ya troli ya reli na magurudumu yake mawili, na mikebe ya rangi iliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Ukutani ulining'inia mfuko wa turubai uliojazwa mchanga, wa kupigwa ngumi. Chumba kilinuka jasho na mafuta ya taa na dawa ya kuchua ambayo mwenye holi aliichemsha mwenyewe. Pembeni palikuwa na debe la unga mweupe uliotoka kwenye machimbo ya Kariandusi. Kijana wa huko aliuleta, na wanaume walijipaka viganjani ili chuma kisiteleze. Unga ule ulikuwa laini kuliko wa ngano na ulipanda hewani. Kila jioni nilifagia alama nyeupe za mikono, kwenye mlango, kwenye madirisha, hata kwenye sufuria yangu ya chai.

Mwenye holi tulimwita Sajini. Alikuwa amepigana vita vya Burma, akarudi na mguu mmoja mfupi na ugoro wa kunusa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria moja tu, na aliisema kila mara mgeni alipoingia: "Hapa kila mtu na chuma chake." Wanaume waliipenda sheria hiyo. Walikuwa watu wa reli, watu wa viwanda, watu wa kutoka kila upande, na nje ya mlango ule waliamriwa kutoka asubuhi mpaka jioni. Askari aliwaambia toa kipande cha kitambulisho. Nyapara aliwaambia beba. Mzungu aliwaambia mengine. Ndani ya kile chumba hakuna aliyemwambia mwenzake fanya hivi. Nilikuja kuelewa hilo nikiwa mkubwa. Wakati ule niliona ni upuuzi, kwa sababu nilitoka kwa wanawake, na wanawake wa kwetu walifundishana mzigo kama wanavyofundishana kunyonyesha. Ulipiga goti moja chini, mgongo umenyooka, macho mbele, ngata kichwani, na mwenzako akakutwika. Hukuinama kuufuata mzigo. Uliukaribia, ukaushika, ukapanda nao. Na palikuwa na mwiko mmoja juu ya hayo yote: mtu akiwa chini ya mzigo hasemeshwi. Hata salamu hasalimiwi. Ukikutana na mama mwenye mtungi au kuni, unampisha njia na kungoja. Akitaka kusema, yeye ndiye ataanza. Kama una neno naye, utamwambia akishatua. Niliujua mwiko huu kabla sijajua kuhesabu.

Kiprono alikuja mwezi wa pili wa mwaka, msimu wa vumbi, wakati ziwa limerudi nyuma na upepo unaleta magadi mpaka mdomoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio yametobolewa na kufungwa tena kwa uzi, koti limemfikia viwikoni. Alitoka kwenye shamba la mzungu upande wa Molo, alikochunga ng'ombe tangu utoto. Mzungu alikuwa amepunguza mifugo na watu. Kiprono alipewa karatasi ya kutafuta kazi mjini, na karatasi ile ilikuwa na mwisho wake. Kazi zilikuwepo. Godauni moja karibu na stesheni lilitaka wachukuzi, kwa sababu waliokuwa wakibeba magunia pale walikuwa wamepakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini, nasi tulijua hivyo na hatukusema. Ila nyapara wa godauni hakuchukua mtu ovyo. Alikuwa na siku yake ya kujaribu watu. Unainua gunia la mahindi kutoka chini peke yako, unapanda nalo ubao mpaka ndani ya behewa, unarudi, mara tatu. Ukiangusha, nenda zako. Kiprono alijaribiwa mara ya kwanza akaangusha gunia la pili. Ndipo mtu akamwambia, nenda kwa Sajini ukajenge mwili.

Wanaume walimpokea kwa kicheko. Omolo, mtia makaa wa garimoshi, mtu mnene mwenye sauti ya filimbi, ndiye aliyeanza. "Wewe Kiprono, hiyo si ng'ombe! Usiipigie mluzi, haitainuka!" Mwingine akasema, "Mwache bwana, kwao mzigo ni wa punda." Omolo akajibu, "Na punda akifa?" "Akifa, mzigo anapewa mke!" Wakacheka mpaka unga ukapanda. Kiprono aliwatazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha shambani, "Na kwenu punda ni nani?" Omolo akajipiga kifua, "Kwetu punda ni mimi! Uliza reli!" Basi wakampenda. Lakini lile la punda lilikuwa kweli. Mwanaume yule hakuwahi kubeba kitu kizito maishani mwake ila ndama. Aliinama juu ya ekseli kama anayechota maji kisimani, miguu imenyooka, akaivuta kwa mgongo mtupu. Alikuwa na nguvu za ajabu; ndiyo maana iliinuka. Mimi nilikuwa mlangoni na birika, nikahisi kiuno changu mwenyewe kinauma.

Nilimwendea Sajini siku hiyohiyo. Alikuwa akikaanga mihogo kwenye jiko langu, kwa sababu hakuamini mwanamke anaweza kukaanga mihogo. Nikamwambia, "Yule Kiprono atavunjika." Akageuza kipande kimoja kwa kisu. "Amekuuliza?" Nikasema hapana. "Amekuuliza wewe msichana wa chai, umwangalie mgongo wake?" Nikasema hapana, lakini wewe unaona. Akasema, "Naona. Kila mtu anaona. Mtu ambaye hajauliza, ukimwambia unamtukana. Huyu ameambiwa na dunia nzima, kutoka Molo mpaka hapa. Mwache akosee kwa uhuru wake." Akanipa kipande cha muhogo. Kilikuwa kimeungua nje na kibichi ndani, nami nikakila.

Basi nikanyamaza. Wiki zikapita, mvua ikaja. Kiprono alikuja kila siku saa kumi, akajipaka unga wa Kariandusi, akainama vilevile, na kila siku chuma kilikuwa kizito zaidi. Watu walianza kumsifu. Baadaye alikaa kwenye benchi karibu na jiko akinywa chai ya turungi, kwa sababu maziwa hatukuwa nayo. "Hii chai imefiwa," alisema. "Kwetu hii ni maji ya kuoshea sufuria." Nikamwambia kama ni hivyo arudishe kikombe. Akacheka, akashika kiuno akiinuka. Alinihadithia juu ya mkewe, na mtoto wao wa kike, Rael, aliyekuwa ndiyo kwanza anakaa. Mzungu amewapa muda. Mwanaume wao asipopata kazi kabla ya mavuno ya pareto kwisha, watatoka shambani na mbuzi wao, na hakuna aliyejua watatoka kwenda wapi. Godauni lilikuwa na vyumba vya wachukuzi. "Nikipata tikiti ya godauni, nawaleta. Mtoto atakuja kunywa hii chai yako mbaya."

Siku moja, wiki kama mbili kabla ya siku ya nyapara, aliweka kikombe chini akanitazama. Akasema polepole, "Wewe dada, nikibeba unanitazama sana. Kuna nini?" Nimekaa na swali hilo zaidi ya miaka sitini. Kikombe kilikuwa chini. Chuma kilikuwa chini. Mtu ameuliza. Hata Sajini asingekuwa na neno. Lakini Omolo na wenzake walikuwa hapo mezani wakicheza bao, na mmoja akageuka, akatoa mluzi mdogo wa kunichokoza, kana kwamba nimeshikwa nikimtamani mume wa mtu. Nikaona nitakavyosema: mimi, msichana wa miaka kumi na saba, niwaambie wanaume kwamba mwenzao hajui kuinama. Kwamba apige goti kama mwanamke mtoni. Niliwasikia wakicheka kabla hawajacheka. Nikasema, "Hakuna. Nikuongeze chai?" Akasema ongeza. Nikamwongezea.

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu ya nyapara, holi ilijaa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na paa lilikuwa bado likidondosha. Nilikuwa nimepika mahindi na maharagwe, sufuria kubwa, kwa sababu watu walitaka kumwona Kiprono akiinua ekseli pamoja na mikebe miwili ya simiti iliyofungwa juu yake. Hakuna mtu aliyewahi kuinua hiyo. Omolo alisema, "Akiinua hii, gunia la nyapara atalibeba kwa kidole, akijikuna kwa mkono mwingine." Sajini alisimama kando ananusa ugoro. Kiprono akajipaka unga, akanitazama akatabasamu, akainama. Mgongo ule. Ekseli ikatoka sakafuni, ikapita magoti, ikasimama hapo. Ikakataa kupanda na ikakataa kushuka. Nikaona mgongo wake unatetemeka kama kamba ya kuanikia nguo. Na mimi, niliyenyamaza miezi mitatu mtu akiwa hana kitu mkononi, nikapiga kelele. "Piga goti! Kiprono, piga goti!"

Aligeuza kichwa kunitazama. Hilo ndilo lililotokea, sitalipamba. Aligeuza kichwa kwa sababu aliitwa jina, na gurudumu la upande mmoja likashuka, likauvuta mwili kabla kichwa hakijarudi. Tukasikia sauti kama kuni mbichi inayopasuliwa. Chuma kikaanguka, sakafu ikapasuka, unga ukajaa chumba kizima, na ndani ya ule weupe yeye hakulia. Alisema neno moja kwa lugha yake ambalo sikulijua na sikumwuliza mtu maana yake. Walimbeba juu ya benchi ya chai. Sajini aliponipita mlangoni aliniambia, bila hasira yoyote, "Sasa unajua kwa nini mimi sisemi." Wengine walisema zaidi. Walisema msichana amemtia mkosi, walisema alimwita kama mke anavyoita. Mahindi na maharagwe hayakuliwa na mtu. Asubuhi yake nilimwaga chakula kilichochacha kwenye mtaro, nikaosha sufuria, nikafagia alama za mikono.

Jumatatu nyapara akajaribu watu wengine. Nilikwenda hospitali siku ya tano na uji kwenye mkebe. Kiprono alikuwa amefungwa plasta kutoka kwapani mpaka kiunoni. Nilisimama karibu na kitanda, naye akageukia ukuta, kwa shida, maana kugeuka kwenyewe kulikuwa kazi. Nikauacha uji kwenye dirisha. Karatasi yake ikaisha akiwa bado amelala. Wakamtoa mjini kwa lori, akarudi Molo akamkuta mkewe amekwisha kufungasha. Nilisikia hayo kwa Omolo. Nilisikia pia, baada ya miaka mingi, kwamba wanaishi karibu na Salgaa, na kwamba anasokota kamba za katani akiwa amekaa, kwa sababu kusimama wima hakuweza tena. Nimepita barabara hiyo mara ngapi, sikushuka. Niliacha kazi ya holi mwisho wa mwaka. Nikaolewa. Na tangu hapo nikawa mtu asiyesema. Nimeona jirani akimwaga dawa kisimani bila kujua, nikangoja mwingine aseme. Nimeona mwanangu wa pili akioa mahali pabaya, nikapika pilau ya harusi. Watu wa kanisa hunisifu kwamba sina mdomo. Hawajui ulifungwa na nini. Nilijiambia kwamba dhambi yangu ni kupiga kelele, kwamba nilivunja mwiko wa mama zangu nikamsemesha mtu chini ya mzigo, na malipo yake ni kunyamaza mpaka nife.

Kwenye mazishi nilikaa nyuma kabisa ya hema. Malori yalikuwa yakishuka barabarani, na ilibidi mhubiri anyamaze kila moja linapopita. Waliposoma maisha ya marehemu walisema aliumia ujanani akitafuta kazi Nakuru. Basi, mstari mmoja. Baada ya kumzika tuligawiwa wali na kabichi na nyama, na mwanamke mzee, mrefu, masikio ya babake, akaja na sahani yake akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando yangu. Alikuwa Rael, yule mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anakaa. Akanitazama mikono. "Wewe ndiwe ule wa chai," akasema. "Mama wa hoteli aliniambia kuna mtu wa Nakuru anauliza habari ya baba." Sikuweza kukana. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye nilimwita babako akiwa na chuma mkononi. Nimekuja kuomba msamaha wa hiyo." Akatafuna kwanza. Akasema, "Hiyo hakuisema sana. Kuitwa, alisema, mtu yeyote angeita. Hata yeye, alisema, angeita." Lori likapita, akangoja lipite. "Ile alikuwa anasema, mpaka juzi akiwa kitandani, ni ingine. Alikuwa anasema, 'Yule msichana aliona tangu mwanzo. Nikamwuliza. Nikamwuliza na mdomo wangu, akaniongezea chai.'"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayerudisha chombo kilichosahauliwa kwao. Halafu akaniuliza kama nataka kabichi zaidi, na sote wawili tukasikia kwamba ni swali lilelile la chai, naye akaweka kijiko chini.

Jumanne nilimwambia Mideva anipeleke jimu mapema. Yule mama wa kitambaa cha njano alikuwepo. Nilipanda baiskeli, nikapiga pedeli, nikangoja. Akainama na mgongo ule, akainua, akashusha. Chuma kilipokuwa chini na yeye anafuta jasho, nilishuka, nikashika fimbo yangu ya kutembelea, nikamwendea. Nikamwonyesha kwa mkono atoe kidude sikioni. "Mwanangu, mgongo wako unapinda. Kunja magoti kwanza, kishike kikiwa karibu na mguu, upande nacho. Nilimwona mtu akivunjika hivi." Alinitazama kutoka raba mpaka leso. Akasema, "Mathe, asante lakini niko sawa. Sijauliza mtu." Kwenye kioo nikamwona Mideva amejifunika uso. Nikasema, "Ni kweli, hujauliza," nikarudi kwenye baiskeli yangu. Akarudisha kidude sikioni, akainama vilevile, akakivuta kile chuma, nacho kikapita magoti kikasimama kidogo. Nilichukua ncha ya leso nikaiuma kwa meno. Sikutoa sauti. Niliuma mpaka kikashuka, mpaka nikasikia kimegusa sakafu na vidole vyake vimekiachia. Ndipo nikashika fimbo yangu, nikainuka tena.